Wanawake katika polisi: safari yao na kwa nini inaihusu Changamwe

Msichana aliyedhulumiwa anapoingia kituo cha polisi, jambo la kwanza analoangalia ni nani aliyekaa nyuma ya kaunta. Akimwona mtu anayeweza kumweleza yaliyompata bila kufa kwa aibu, ataeleza. Asipomwona, huenda akasema amekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, achukue namba ya OB na kurudi nyumbani na siri yake. Kesi inafia hapo kabla haijaandikwa, na aliyemtenda anaendelea kuishi mtaa uleule.

Kwa hivyo suala la wanawake wangapi wamo katika polisi si la ofisi za Nairobi pekee. Linawagusa wakazi wa wadi zote tano za Changamwe: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Makala haya yanaeleza jinsi wanawake walivyoingia katika kazi ya polisi, milango ipi ilifunguliwa na kwa sababu gani, sheria inasema nini leo, na familia yenye binti anayetaka kujiunga inafaa kujua nini.

Polisi walianzia pwani, wakiwa wanaume watupu

Historia ya polisi wa Kenya inaanzia hapa Mombasa. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoongozwa na William Mackinnon na kupewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilihitaji walinzi wa maghala yake ya bidhaa katika ufuo wa pwani. Walinzi hao ndio waliokuwa mbegu ya polisi. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, njia ilivuka Makupa, ikapita Changamwe na kuelekea bara, nayo kazi ya ulinzi ikaifuata. Mwaka 1906 Sheria ya Polisi ilikipa kikosi hicho msingi wa kisheria. Mwaka 1920, nchi ilipopewa jina la Koloni na Himaya ya Kenya, kikosi nacho kikaitwa Polisi wa Kenya.

Kazi yenyewe, kama ilivyofikiriwa wakati huo, ilikuwa kulinda mali, reli na mamlaka ya serikali ya kikoloni. Askari alitakiwa awe na nguvu za mwili, abebe bunduki, alale kambini na ahamishwe popote. Katika picha hiyo mwanamke hakuwa na nafasi, na hakuna aliyeona haja ya kueleza sababu.

Hata hivyo wanawake walihusika na kazi ya polisi tangu siku ya kwanza. Waliibiwa, walipigwa, walishuhudia uhalifu, na wengine walikamatwa. Aliyekosekana ni mwanamke wa upande wa pili, aliyevaa sare, wa kuwasikiliza na kuandika maelezo yao.

Kazi zilizodai mwanamke

Mlango wa kwanza kwa wanawake, katika nchi nyingi, haukufunguliwa na hoja ya usawa. Ulifunguliwa na kazi ambazo mwanamume hakuweza kuzifanya kwa heshima.

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, ina mfano mzuri. Kifungu cha 27 kinasema kwamba inapobidi mwanamke apekuliwe, upekuzi ufanywe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha kikamilifu. Sheria ikisema hivyo, maana yake ni kwamba kituo kisicho na askari wa kike kina pengo ambalo bidii ya wanaume haiwezi kuliziba.

Kwa watu wa pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mwanamke anapofariki, wanaomwosha ni wanawake. Mwari hufundwa na somo wake, na mzazi akishikwa na uchungu huitiwa mkunga. Jamii ilijua zamani kwamba kuna mambo ya mwili na siri ambayo mtu humkabidhi wa jinsia yake. Polisi walichelewa tu kulijua hilo.

Hata huko Ulaya na Marekani mambo yalikwenda hivyohivyo. Mwaka 1910 Alice Stebbins Wells aliingia katika polisi wa Los Angeles baada ya kuwasilisha ombi lililotiwa saini na wakazi waliomuunga mkono. Kazi aliyopewa ilikuwa kuangalia usalama wa wasichana na watoto katika kumbi za dansi na sehemu za burudani. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji wa Grantham nchini Uingereza, uliokuwa karibu na kambi kubwa ya jeshi, ulimwajiri Edith Smith, ambaye anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa polisi mwenye mamlaka kamili ya kukamata.

London yenyewe ilianzisha doria za wanawake mwaka 1919, lakini wanawake hao hawakupewa mamlaka ya kukamata hadi mwaka 1923. Hata baada ya hapo walibaki katika idara yao ya pembeni, wakishughulikia wanawake na watoto, hadi idara hiyo ilipounganishwa na kikosi kizima mwaka 1973. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kutoka kuruhusiwa kuingia hadi kuhesabiwa kuwa polisi kama wengine. Tukumbuke kwamba mfumo wa polisi uliorithiwa na Kenya ulichongwa na watawala hao hao.

Historia hiyo ina funzo moja. Kazi iliyowafungulia wanawake mlango ndiyo iliyowafungia ndani. Aliyeletwa kupekua wanawake aliambiwa kazi yake ni kupekua wanawake tu. Upelelezi wa mauaji, uongozi wa kituo, doria ya usiku na vyeo vya juu vilibaki kwa wengine.

Baada ya Uhuru

Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, serikali mpya ilirithi kikosi kilichojengwa kwa mahitaji ya wakoloni. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka Waafrika katika nafasi za uongozi zilizoshikwa na Wazungu. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo ya Uhuru ambapo wanawake wa Kenya walianza kupata njia ya kuingia polisi kama askari, wakapitia mafunzo Kiganjo, karibu na Nyeri, na kupelekwa vituoni.

Walikuwa wachache, na wengi walijikuta katika kazi zilezile: kupekua washukiwa wa kike, kuangalia watoto waliopotea, kukaa kaunta na kuandika. Makambi yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya wanaume. Mwanamke aliyeolewa na kuhamishiwa eneo la mbali alilazimika kuchagua kati ya kazi na nyumba yake, jambo ambalo mwenzake wa kiume aliulizwa mara chache.

Hali hiyo haikuwa ya polisi peke yao. Jeshi la Kenya liliunda kikosi tofauti cha wanawake mwaka 1972, na wanawake hao walibaki katika kikosi hicho cha kando hadi kilipovunjwa mwaka 1999 na wao kuingizwa katika vikosi vya kawaida. Tena mkondo ni uleule: kwanza nafasi ya pembeni, kisha miaka mingi kabla ya kuingia katikati.

Pamoja na hayo, waliokuwemo walipanda. Grace Kaindi alifika cheo cha mkuu wa polisi wa mkoa, akisimamia Nyanza. Kwa wakati ule, mwanamke kukabidhiwa usalama wa mkoa mzima lilikuwa jambo lililowafanya wengi wafikiri upya.

Dawati la jinsia lilivyozaliwa

Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, malalamiko yalikuwa mengi kwamba mwanamke aliyebakwa au kupigwa nyumbani alikuwa akihojiwa mbele ya umati kwenye kaunta, huku watu waliokuja kuripoti wizi wa kuku wakimsikiliza. Mwaka 2004 kituo cha polisi cha Kilimani, Nairobi, kilifungua dawati la jinsia, na utaratibu huo ukaenea polepole katika vituo vingine nchini.

Wazo lenyewe ni rahisi. Aliyedhulumiwa anapelekwa chumba cha faragha, anahudumiwa na afisa aliyefunzwa, anaandikiwa maelezo, kisha anaongozwa kwenda hospitali na baadaye mahakamani. Nchi nyingine nazo zilijaribu njia zao. Brazil ilifungua kituo cha polisi cha wanawake mjini São Paulo mwaka 1985. Jirani zetu wa Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vyao. Nchini Liberia, iliyokuwa ikitoka vitani, Umoja wa Mataifa ulipeleka mwaka 2007 kikosi cha polisi wa kike watupu kutoka India, na wasichana wa nchi ile wakaona kwa macho yao kwamba sare na bunduki si mali ya wanaume.

Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyowasilishwa na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule na sasa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo ilieleza makosa kwa mapana na kuweka adhabu kali. Lakini sheria nzuri inahitaji mtu wa kuipokea kesi na kuifuatilia.

Hilo lilionekana wazi katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza dhuluma za kingono zilizotendwa katika kipindi kile. Iliwasikiliza wanawake ambao hawakwenda polisi kabisa, ama kwa hofu ama kwa kutokuwa na imani, na wapo waliosema kwamba waliowatendea walikuwa maafisa wa usalama wenyewe. Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Jaji Philip Ransley lilitoa mapendekezo ya kuifanyia polisi mageuzi makubwa. Kutoka hapo, mjadala wa wanawake katika polisi ukawa sehemu ya mjadala wa imani ya umma kwa polisi.

Katiba ya 2010 ilibadilisha nini

Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi, yenye Huduma ya Polisi wa Kenya na Huduma ya Polisi wa Utawala. Neno "jeshi" liliondoka, likaja neno "huduma". Ibara ya 238 inataka vyombo vya usalama, katika kuajiri, viakisi sura ya Wakenya wote kwa uwiano wa haki. Ibara ya 27 inaitaka Serikali kuhakikisha kwamba wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa hawazidi theluthi mbili wa jinsia moja. Ibara ya 246 iliunda Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, yenye jukumu la kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu.

Mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Sheria hiyo inataka pia, miongoni mwa mengine, kwamba katika seli za kituo wanawake watengwe na wanaume, na watoto watengwe na watu wazima. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyounda mamlaka huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, ambayo wananchi wanaijua kwa jina la IPOA.

Uongozi wa kwanza chini ya mfumo huo mpya uliteuliwa David Kimaiyo akiwa Inspekta Jenerali. Naibu wake upande wa Polisi wa Kenya alikuwa Grace Kaindi. Kwa kuwa wadhifa huo ulikuwa mpya, mtu wa kwanza kabisa kuushika alikuwa mwanamke. Mwaka 2018 Anne Makori akawa mwenyekiti wa IPOA, na mwaka 2023 Resila Onyango akawa msemaji wa polisi.

Majina hayo yanatia moyo, lakini hayamalizi kazi. Hadi sasa hakuna mwanamke aliyewahi kuwa Inspekta Jenerali. Na katika jumla ya maafisa wote nchini, wanawake bado hawajafika theluthi moja. Kiwango kinaweza kuzingatiwa katika kila awamu ya usajili, lakini kikosi kilichojazwa wanaume kwa miongo mingi hakibadiliki kwa awamu moja au mbili. Kila mwaka ambao wasichana hawajitokezi ni mwaka unaoongezwa kwenye safari hiyo.

Changamwe inahusika vipi

Changamwe ni mlango wa Mombasa kutoka bara na kutoka angani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko hapa. Kipevu kuna shughuli za bandari na mafuta. Malori hupita usiku na mchana, vibarua huingia na kutoka kwa zamu, na maelfu ya familia hupanga nyumba za vyumba kimoja au viwili, ambapo ugomvi wa mume na mke husikika hadi kwa jirani wa tatu.

Kila moja ya hali hizo inahitaji afisa wa kike. Abiria wa kike anapopekuliwa, anayempekua lazima awe mwanamke. Mama mboga aliyepokonywa pesa alfajiri akienda kufungua kibanda, mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyefuatwa njiani, mtoto aliyeguswa vibaya na mtu wa karibu: wote hao wanahitaji mtu wa kumweleza. Kuna pia wanawake wanaokamatwa. Nao wana haki ya kuwekwa seli yao na kupekuliwa kwa staha.

Si kweli kwamba afisa wa kike siku zote ni mpole na wa kiume ni mkali. Wapo wanaume waliofunzwa vizuri na wanaofanya kazi hii kwa moyo, na wapo wanawake ambao mafunzo hayo hawajayapata. Mwanamume au mvulana aliyedhulumiwa naye ana haki ya kuhudumiwa faraghani, na dawati la jinsia ni lake pia. Jambo la msingi ni mwananchi awe na chaguo la mtu wa kuzungumza naye.

Mombasa imepiga hatua nyingine zinazokamilisha kazi ya polisi. Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Machi 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua katika Mahakama ya Shanzu mahakama maalumu ya kwanza nchini ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia. Na mwaka 2021 Huduma ya Polisi ilizindua mpango wa Policare, unaolenga kuweka polisi, daktari, mshauri na huduma za kisheria mahali pamoja, ili aliyeumia asizungushwe ofisi kwa ofisi akirudia kisa chake.

Lakini mnyororo huo wote huanza pale kaunta. Kesi isiyoandikwa kituoni haifiki Shanzu.

Binti akitaka kujiunga

Usajili wa makurutu hutangazwa, kisha hufanywa katika vituo vya kaunti ndogo. Katika awamu zilizopita, masharti makuu yamekuwa haya:

• Awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho cha kitaifa.
• Awe na umri wa miaka 18 hadi 28.
• Awe na alama ya wastani ya D+ au zaidi katika mtihani wa KCSE.
• Awe na afya njema, na msichana asiwe mjamzito wakati wa usajili na mafunzo.
• Awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 3 kwa wanawake, au futi 5 na inchi 8 kwa wanaume.
• Asiwe na rekodi ya uhalifu.

Masharti yanaweza kubadilika, kwa hivyo tangazo la awamu husika ndilo la kufuatwa. Usajili hautozwi chochote. Anayedai pesa ili "kumsaidia" binti yako anavunja sheria, na anayetoa anavunja sheria vilevile na kuhatarisha nafasi ya mtoto wake.

Wasichana wengi hukwama kabla hawajafika uwanjani. Wapo ambao vitambulisho vyao vilichelewa kushughulikiwa hadi umri ukasogea. Wapo wasiofanya mazoezi kwa sababu hawaoni mahali salama pa kukimbia. Na wapo wanaozuiwa nyumbani. Wazazi huuliza: atakaa wapi huko Kiganjo? Nani atamwoa akiwa askari? Akihamishiwa mpakani, nani atajua hali yake?

Maswali hayo yana uzito na hayafai kupuuzwa. Kazi ya polisi ni ngumu. Uhamisho upo, zamu za usiku zipo, na makazi ya askari yamekuwa kero ya miaka mingi, hadi jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likakabidhiwa mwaka 2022 suala la maslahi na mazingira ya kazi ya polisi. Lakini kuna majibu pia. Mafunzo hufanywa katika vyuo rasmi.  Na maafisa wa kike wenye waume, watoto na nyumba zao wapo katika vituo vingi. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kumwendea mmoja wao na kumuuliza ana kwa ana.

Yuko pia mzazi anayefikiri upande wa pili: anayetamani kituo cha mtaani kwake kiwe na afisa wa kike, lakini hataki afisa huyo awe binti yake. Maafisa hao hutoka katika familia za watu. Kila familia ikingoja ya jirani itoe, kaunta itabaki ilivyo.

Kaunti ina nafasi gani

Polisi ni huduma ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiajiri askari wala haiwahamishi. Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 41, inaweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na Gavana au mjumbe wa kamati kuu ya kaunti aliyeteuliwa naye. Mamlaka hiyo hukusanya maoni ya wakazi kuhusu usalama na kufuatilia mwelekeo wa uhalifu. Sheria inataka wawemo wawakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, wafanyabiashara, mashirika ya kijamii na dini. Mkazi anayeona kituo cha eneo lake hakina afisa wa kike wa zamu ya usiku ana haki ya kulisema jambo hilo katika baraza au kikao cha umma, likaandikwa.

Afya nayo ni jukumu la kaunti. Hospitali kama ile ya Port Reitz ndizo zinazompokea aliyedhulumiwa, mara nyingine hata kabla ya polisi.

Ukidhulumiwa, fanya hivi

Nenda hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ili upate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Tiba ndiyo ya kwanza. Usizuiwe kutibiwa kwa sababu hujaenda polisi. Kwa dhuluma ya kingono, sheria inakupa haki ya matibabu bila malipo katika hospitali ya umma.

Usioge wala kufua nguo ulizokuwa umevaa. Ziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Kituoni, omba dawati la jinsia, na omba kuhudumiwa na afisa wa kike ukitaka. Hakikisha umepewa namba ya OB na fomu ya P3. Fomu hiyo haiuzwi.

Kwa msaada wa haraka piga 999 au 112 upate polisi, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mtoto aliye hatarini. Ukikataliwa huduma kituoni au ukitendewa vibaya na polisi, ripoti kwa IPOA kupitia 1559.

Na usajili ujao wa makurutu utakapotangazwa, mabinti wa Chaani, Kipevu na Port Reitz waliotimiza masharti wajitokeze mapema, wakiwa na vitambulisho na vyeti vyao halisi. Mzazi anayeweza, amsindikize wake hadi uwanjani.